Jinsi Kamati Ilivyokwenda Kukagua Barabara Yetu Zambia

Hapana, pasipoti sina. Sina, sijawahi kuishika, wala sikufichwa kwenye gunia la mahindi kama mnavyowaza. Nilivuka mpaka nimekaa kiti cha mbele kwenye gari la serikali, kiyoyozi kinanipuliza magoti, na mheshimiwa mwenyekiti wa kamati yuko nyuma yangu ananinyamazisha. Kaeni vizuri niwaeleze, maana najua mlitaka kuuliza, mnaona aibu tu.

Chanzo chake ni daraja. Barabara yetu huku Momba mnaijua. Inatoka Tunduma vizuri, inakuja, inakuja, ikifika kwenye kamto ketu inakata tamaa. Kiangazi tunavuka juu ya mawe, sketi mkononi. Mvua zikianza, kila mtu abaki Mungu alipomkuta. Zahanati iko ng'ambo ile, sisi tuko ng'ambo hii, na Tumaini, mke wa mwanangu, tumbo lake lilikuwa linafika mlangoni kabla yake. Nesi alikuwa amemwambia, "Mama, mvua zisikukute huko kwenu, njoo ukae kwa ndugu karibu na sisi." Ndiyo, lakini mvua haitumi mtu kubisha hodi.

Sasa mwenyekiti wetu wa kijiji, yule anayeongea kama redio ya betri zinazokufa, akaitisha mkutano. "Kuna... kamati... ya mkoa... inakuja kufuatilia... ahadi za barabara... na reli." Kila kijiji kitoe mwananchi mmoja akashuhudie. Kamati ikiona barabara haijaisha, mkandarasi anarudishwa kazini, anamalizia na daraja. Ikiona imeisha, mwananchi anaweka dole gumba kwenye taarifa, faili linafungwa, na daraja tutaliona mbinguni.

Watu wote wakageuka kunitazama. "Bibi aende. Bibi ana mdomo."

Kusoma sijasoma, lakini mdomo ninao, na dole gumba ninalo. Nikakubali.

Asubuhi ya safari Tumaini akanisindikiza mpaka kwenye mawe. "Mama, usiende kuigiza sauti za watu huko. Kasemee daraja."

"Nitalisemea."

"Mama, nakujua."

"Unanijua nini? Nenda kalale."

Nikavuka, nikapanda bodaboda, yule kijana akaniendesha kama amebeba mayai ya mtu mwingine. Tukafika Tunduma malori yamejipanga mpaka huko yanakotokea, kama yanangoja kupewa komunyo. Tunduma mnaijua pia. Ukitema mate bila kuangalia yanaangukia Zambia. Hata simu za pale hazina uaminifu. Sasa hivi inakuambia karibu Tanzania, ukigeuka ubavu tu inakuambia karibu Zambia. Hakuna mtu anayezisikiliza. Kumbukeni hilo la simu, litawafaa.

Kamati nikaikuta stendi inakunywa chai. Mheshimiwa mwenyekiti ni baba mnene mwenye sauti ya kutoka puani, akikusalimia unahisi mko wengi: "Hujambo, ndugu mwananchiii!" Pembeni yake injinia, binti mwembamba, kofia ngumu ya njano, na neno lake moja la kuanzia: "Kimsingi." Na dereva Shabani, mtu wa Tanga, ulimi kama umepakwa nazi. "Shikamoo, bi mkubwa. Karibu kiti cha mbele, magoti hayo tusiyatese." Nikampenda pale pale.

Kabla hata mlango haujafungwa nikaanza. "Mheshimiwa, kuna daraja..."

"Bibi," akaniinulia kidole, "tuna ratiba. Maoni ya mwananchi ni kipengele cha mwisho, baada ya neno la shukrani."

Haya.

Tukaanza na reli. Tukasimama pale kwenye vyuma, jua linawaka, injinia akaikanyaga reli kwa kiatu, akaikanyaga tena, akasema, "Kimsingi, reli ipo."

"Ipo yote?" mheshimiwa akauliza.

"Tunayoiona, ndiyo."

Wakapigwa picha wameinama. Mama mmoja muuza karanga akasogea akaniuliza kwa sauti ya chini nani kadondosha pete, asaidie kutafuta. Nikamwambia hakuna pete, mama, hawa wanafuatilia. Akasema pole. Basi, reli ikawa imefuatiliwa.

Tukatoka mjini kuelekea kwetu. Na hapa ndipo nilipoanza kujicheka, maana nimeamka, nimevuka mto, nimepigwa vumbi la bodaboda mpaka Tunduma, ili nipakiwe garini nirudishwe kuonyeshwa nyumbani kwangu. Mheshimiwa akalala. Akilala hata pua yake inahutubia.

Mtoni. Shabani akasimamisha gari, nami nikasema, "Ndio hapa. Karibuni."

Hamna kilichobadilika, vile vile mnavyopajua. Lile lundo la changarawe alilomwaga mkandarasi siku ile moja aliyokuja, sasa limeota nyasi, na mbuzi wa jirani amesimama juu yake kama ndiye msimamizi. Mbele yake maji na mawe. Injinia akashuka na karatasi. Akatazama karatasi, akatazama mto, akarudi kwenye karatasi.

"Siyo hii," akasema.

"Ndiyo hii, mwanangu. Nyumba yangu ile kule, yenye bati lililowekewa jiwe."

"Bibi, kimsingi, karatasi inasema barabara ni ya changarawe, imekamilika, na ina daraja. Hii haijakamilika, na haina daraja. Kwa hiyo siyo hii."

Nikamgeukia mheshimiwa nikidhani atacheka. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Injinia yuko sahihi, bibi. Tumepotea."

Jamani! Nimezaliwa hapa, nimeolewa hapa, nimezika hapa, leo naambiwa nimepotea mbele ya mlango wangu.

"Shabani," mheshimiwa akaamuru, "tafuta barabara iliyokamilika."

Shabani ni dereva, akaambiwa tafuta akatafuta. Akakata kushoto, tukafuata njia ya mikokoteni, tunapita kwenye mashamba yaliyovunwa, mabua yanachapa milango. Tukafika kwenye ile nguzo ya saruji ya mpaka. Kuna mtu alikuwa ameanika shuka juu yake.

"Mheshimiwa, ile nguzo..."

"Bibi. Kipengele cha mwisho."

Nikakunja mikono. Na kusema kweli, nikaanza kufurahi. Mtu akikataa kuambiwa kuna shimo mbele, wewe shika mkoba wako utazame.

Tukapita nguzo. Simu zikaanza kulia moja baada ya nyingine, ti, ti, ti. Injinia akaangalia yake. "Eti karibu Zambia."

"Mitandao ya Tunduma hii!" mheshimiwa akasema, akairudisha yake mfukoni.

Kisha ikatokea. Barabara! Changarawe imeshindiliwa imelala kama mkeka, mitaro huku na huku, na mbele daraja la zege lenye kingo zilizopakwa chokaa. Injinia akashika moyo. Nilidhani atalia. "Kimsingi... kimsingi ndiyo hii!" Akashuka akalipiga daraja kofi kama mtu anayenunua ng'ombe.

Aliporudi garini akatazama simu tena, akapiga kelele, "Mheshimiwa! Tulikuwa tumechelewa, sasa tumewahi! Pale mtoni ilikuwa saa sita, sasa hivi ni saa tano!"

Mheshimiwa akakaa sawa. "Andika. Barabara hii inamwokolea mwananchi saa nzima."

Akaandika! Mimi nimeuma kanga, machozi yananitoka. Shabani akaangalia saa yake ya mkononi, ile ya kizamani isiyojua mitandao, akanitazama kwa jicho la pembeni. Akaninong'oneza, "Bi mkubwa, tuko kwa watu, eti?"

"Tuko kwa watu."

"Haya. Mie dereva tu."

Tukaingia kijijini. Mwenye kijiji, wao wanamwita hedimani, tulimkuta amepindua baiskeli anaziba pancha. Alipoona gari kubwa akaacha baiskeli, akapiga makofi ya heshima, yale ya polepole ya kwao, magoti yameinama kidogo. "Mwaiseni, mwaiseni mukwai," ndiyo karibuni waheshimiwa ya kwao. Watu wakaitwa, viti vikaletwa, na mtoto wa watu akakimbizwa nyuma ya nyumba kumkamata jogoo wa wageni. Watu wakarimu wale. Hawakuuliza nyie nani, walidhani tumeleta chanjo.

Mheshimiwa akasimama, akavuta suruali juu. "Ndugu wananchiii! Serikali yenu iliahidi barabara. Barabara mmeiona?"

Makofi, polepole.

"Daraja mmeliona?"

Makofi.

"Sasa wale wanaosema serikali haiwajibiki wako wapi?" Akazungusha macho akiwatafuta. Hakuna aliyejitokeza. "Semeni wenyewe, mna changamoto gani?"

Hedimani anakuja sana Tunduma kuuza maharage, Kiswahili anakijua. Akasimama, kofia mkononi. "Changamoto hatuna, mukwai. Tunashukuru. Tunauliza moja tu. Serikali ipi?"

Mheshimiwa akacheka. "Mzee bwana! Serikali yenu!"

"Ya Lusaka?"

Injinia akatoa simu, akausoma ule ujumbe upya, taratibu, midomo inacheza. Mheshimiwa akaangalia mlingoti wa shule iliyokuwa ng'ambo ya njia, akaiona bendera, ya kijani, ina tai.

"Neno la shukrani," akasema kwa ile pua, lakini ndogo, kama mbu, "tutalituma."

Neno la shukrani likafutwa, na kipengele changu kilichokuwa nyuma yake kikafutwa nalo. Tukakimbilia garini. Hedimani akatukimbiza na jogoo, maana mgeni haondoki mikono mitupu, akamwingiza dirishani, akanipakatia mimi.

Kurudi. Kwenye nguzo simu zikalia, karibu Tanzania, na ile saa yetu nzima tuliyoiokoa tukaiacha pale pale kwenye shuka la mtu. Mvua ikashuka, na sio ya kutania. Ndani ya gari anaongea jogoo peke yake. Nikajua mheshimiwa anawaza, maana hakukoroma.

Mara akasema, "Injinia. Tumeona barabara au hatujaona?"

"Kimsingi, tumeiona."

"Ina daraja?"

"Ina."

"Hadidu za rejea zinasema iwe nchi gani?"

Injinia akapekua karatasi zake zote, mbele na nyuma. "Kimsingi, hazijasema."

"Basi imeisha," mheshimiwa akasema, na rangi ya uso wake ikarudi. "Bibi ataweka dole."

Mimi nilidhani barabara inaisha kwa changarawe. Siku hiyo nikajua inaisha kwa dole gumba la bibi kizee aliyepakata jogoo. Nikaacha kucheka. Nilikuwa nimecheka toka asubuhi, na hapo kicheko kikanikauka, kwa sababu nilimwona Tumaini na tumbo lake kana kwamba amekaa kwenye kile kiti cha nyuma.

Tukafika mtoni. Mawe hayapo. Maji yamepanda, mekundu, yanabeba magogo, yanapita yakiguna. Nyumba yangu naiona, na bati lake na jiwe lake, na siwezi kuifikia. Mheshimiwa akashuka na mwavuli, kidau cha wino mkono mmoja, taarifa mkono mwingine.

"Bibi, dole hapa. Tukupeleke Tunduma ulale pazuri, maji yakipungua urudi."

"Kwanza maoni ya mwananchi."

"Bibi, muda umetutupa."

"Mheshimiwa, wewe uliniambia nimepotea. Dole la mtu aliyepotea utalifanyia nini?"

"Bibi!" Akaanza kufoka. "Barabara imekamilika! Taarifa inakwenda mkoani kesho!"

Hapo ng'ambo ile kukatokea wanawake, wamejifunika mifuko ya mbolea. Katikati yao Tumaini. Furushi la nguo kichwani, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshikilia tumbo. Alikuwa ameona mawingu, akaamua kuwahi zahanati, hakuwahi. Akasimama ukingoni anayatazama yale maji.

Nikamwambia mheshimiwa, "Haya. Mwananchi mwingine yule pale. Muulize yeye. Akisema imeisha, naweka vidole vyote, na vya miguu."

Mheshimiwa akafurahi. Alimwona binti mpole, uso umeinama, akajua huyu hana maneno. Na kweli hana. Toka aolewe kwangu sijamsikia akipaza sauti hata kwa kuku. Mheshimiwa akasogea mpaka maji yakamlamba viatu, akatengeneza mikono kama tarumbeta, akaita, "Ndugu mwananchiii! Barabara hii unaionajeee?"

Tumaini akaliweka furushi chini kwenye tope. Akanyoosha mgongo.

"Vuka uje uniulize huku!"