Fimbo Nne za Mto, Naro Moru

Mwalimu mstaafu, mwenyekiti wa kongamano letu la wakulima, aliniambia niandike mada kwa maneno machache: utunzaji wa udongo, utunzaji wa miti, utunzaji wa maji. "Ofisi haitaki hadithi," alisema. Mwanzoni mwa miaka ya tisini hukuweza kukusanya watu bila kibali, na kibali kilitaka orodha ya wasemaji na watakachosema.

Kazi ya kuiandika nilipewa mimi kwa sababu ya mwandiko. Shule niliiacha darasa la saba, lakini nilikuwa nimechora vibao vya bucha Kenol na kuandika magunia ya mchele Wang'uru. Naro Moru nilikuja kukaa wiki moja, mwezi wa tatu ukanikuta bado nipo. Kilichonishika ni lile kongamano: watu wa kawaida wafundishane bure wanachojua, ili mashamba na mto vidumu.

Na zaidi alinishika shosho mmoja kati ya wasemaji, nyanya mjane wa miaka sabini hivi. Kila Jumamosi alishuka mtoni na fimbo, akaisimamisha kando ya jiwe lilelile, akakata alama kwa kisu pale maji yalipoishia. Fimbo moja kwa mwaka, na alikuwa nazo nne. Kwenye fimbo ya tatu alama zilishuka ghafla, upana wa kiganja kizima. Wiki hiyo shamba la maua la mkubwa fulani lilitia bomba lake mtoni, huko juu.

Basi mbele ya jina lake sikuandika utunzaji wa maji. Niliandika: "Jinsi bomba la shamba la maua lilivyoshusha mto." Niliona ni aibu kukifupisha kitu kilichopimwa vizuri namna hiyo. Jumatatu nikaipeleka orodha kwa D.O., mkuu wa tarafa, bila kumwonyesha mwalimu.

Jumatano niliitwa. D.O. alikuwa ameweka kidole juu ya mstari ule.

"Huyu mama amesomea wapi mambo ya bomba?"

Askari alikuwa amesimama mlangoni, nyuma yangu; nilimsikia akipumua.

"Ako wapi saa hii? Ama tumtumie Landrova, asichoke kutembea?"

Akilini nilimwona shosho kwenye sakafu ya saruji, seli isiyo na blanketi, na baridi ile ya mlimani. Mimi ndiye niliyemweka humo, kwa mwandiko mzuri.

"Jina lake niliandika kwa makosa, mkubwa," nikasema. "Hiyo ni yangu. Mimi ndio nitaongea."

"Wewe? Wewe ni mtu wa wapi?"

"Natembea tu, mkubwa."

"Unatembea mpaka kwa bomba ya watu." Alikata jina la shosho kwa kalamu nyekundu, akaomba kitambulisho changu, akanakili namba polepole. Kisha, kitu ambacho sikukitarajia, akagonga muhuri. "Kibali ndiyo hiyo. Siku hiyo nitakaa mbele kabisa. Nataka kukusikia vizuri."

Nilitoka nikitaka gari la kwanza la kwenda popote. Miguu ikanipeleka kwa shosho, aliyekuwa akipukuchua mahindi mlangoni. Nilimweleza yote.

"Ati umeniibia mazungumzo yangu?"

"Shosho, wangekushika."

"Na wewe hawatakushika? Ama wewe watakushika na vijiko?" Alinirushia gunzi, likanipata begani. "Wewe umekuja juzi. Mto huu umeujulia wapi?"

Alipukuchua mahindi mawili matatu bila kunitazama. Kisha akaingia ndani, akatoka na zile fimbo.

"Mimi sina miguu ya kutoroka," alisema. "Wewe unayo. Kaa chini."

Alinifundisha alama moja moja, mvua ipi, kiangazi kipi, mpaka nikaweza kuzisema kwa kidole, macho nimefumba. Nilipofika kwenye fimbo ya tatu, kwenye wiki ya bomba, nilisikia sauti yangu ikishuka.

"Hapana. Hapo unaongea kama mtu ameficha kitu," akasema. "Rudia."

Nikarudia. Mara ya tano alitikisa kichwa kukubali, akaendelea na mahindi yake. Nami nikachukua fimbo ya nne, nikafumba macho tena.