Meno Kumi na Moja ya Mke Wangu

Naomba jina langu lisitoke, na la mke wangu zaidi ya langu. Nina miaka sabini na tisa. Nilikuwa daktari wa meno wa serikali, nikastaafu, nikajenga Chanika. Sasa nalala kwa ubavu mmoja kwa sababu ya ini, na hospitali wameniambia nikae nyumbani na familia yangu. Familia yangu ni mke wangu tu. Hatukujaliwa mtoto, na habari yangu yote imo humo. Naiandika mwenyewe kwa kidole kimoja, leo siku ya tatu.

Tulioana akiwa na miaka ishirini na moja, tukapanga vyumba viwili Temeke. Mwaka wa tatu mama yangu akaanza maneno. Akija kutusalimia anatazama tumbo la mke wangu kabla ya uso. Siku moja, mke wangu yuko jikoni anasikia kila kitu, akaniambia: “Mwanangu, umeoa mwanaume mwenzio. Huyu kazi yake kujaza choo tu. Nimeshakuonea binti wa watu Mbagala, wiki ijayo twende.”

Wakati huo nilikuwa nimeshapima kwa siri. Mwenzangu wa maabara aliangalia mara mbili, akaniuliza kama niliwahi kuugua matubwitubwi. Niliugua, nikiwa shule ya bweni, na hayakuishia mashavuni, yalishuka hadi korodani. Akaniambia haoni mbegu hata moja. Cheti cha majibu nilikichoma. Sasa mama anataka niongeze mke, na huyo wa pili naye asingeshika mimba. Hapo watu wangeacha kuwasema wake zangu, wangenisema mimi.

Nilikuwa nimesoma kazini kwamba ugonjwa wa fizi huenda ukachangia mwanamke kuchelewa kushika mimba. Mke wangu fizi zake zilitoka damu akipiga mswaki. Nikamwambia mama: “Hana kasoro, ana usaha kwenye meno. Sumu yake inashuka kwenye kizazi. Nitamtibu mwenyewe.” Mama akatulia, kwa kuwa aliyesema ni daktari.

Tiba ya fizi zile ilikuwa kusafisha, kukwangua ukoga, na mswaki mzuri. Basi. Lakini kusafisha kungeisha baada ya wiki chache, na mimi nilihitaji ugonjwa usioisha. Nikang'oa gego la kwanza, zima kabisa, mizizi yake imeshika kama msumari. Kila mama alipouliza, nikang'oa lingine. Kumi na moja kwa miaka sita, mpaka akaacha kuuliza.

Mke wangu alipanda kwenye kile kiti kwa miguu yake. Nilipofika la mbele nikarudisha koleo kwenye trei. Akanitania, mdomo umekufa ganzi: “Toa tu, mume wangu. Mtoto akizaliwa atanitafunia.” Nikatoa.

Hajawahi kunilaumu. Kinachoniumiza kuliko ini ni sifa zake. Wageni wakija kunitazama anawaambia: “Huyu walimshikia bango aniletee mke mwenza, akakataa. Alihangaika na meno yangu miaka sita mizima.”

Jumapili iliyopita alikuja mjukuu wa dada yake kutoka Manzese, binti mwenye saluni. Ana miaka minne kwenye ndoa bila mtoto. Mke wangu akamfunua midomo pale pale mkekani kama anayenunua mbuzi, akaona damu kwenye fizi. Akavua meno yake ya bandia, akayaweka kiganjani.

“Yaone haya. Sie tulichelewa kuanza, sumu ikawa imeshashuka. We' usichelewe. Yanayouma yote katoe.”

“Bibi jamani! Na wateja nitawachekea na nini?”

“Utawachekea na mtoto.”

Binti akanigeukia. “Babu, we' ndo daktari. Eti kweli?”

Nikamwuliza kama mumewe amepima.

“Yule? Anasema yeye mzima, hana jino bovu hata moja.”

Wakacheka wote wawili. Mimi nikatazama ukuta. Akaniuliza tena, nikaitikia kwa kichwa. Nimebakiza siku za kuhesabu, na bado niliitikia kwa kichwa.

Juzi yule binti akapiga simu, akasema amepata mtu wa kumtoa manne Alhamisi. Mke wangu alikuwa uani anaanua nguo. Nikamwambia asiende. Nikamweleza kwamba fizi zake zinahitaji kusafishwa, hakuna sababu ya kung'oa meno mazima, na mumewe aende maabara kama wanaume wengine. Akauliza polepole: “Babu, kwa hiyo bibi alitolewa bure?”

Akasema Jumamosi anakuja, na anataka nimjibu mbele ya bibi yake.

Nikimwambia mke wangu ukweli, namnyang'anya yule mume anayejivunia, na umri wa kuzaa na mwanaume mwingine sina namna ya kumrudishia. Nisipomwambia, nitakufa huku ananishukuru. Naweza kumwomba binti aninyamazie, na nadhani atakubali kwa kunihurumia. Ila nikimwomba, nitakuwa nimemwachia na yeye mzigo huu.

Ameingia sasa hivi na uji. Ndio chakula chetu wote wawili, mimi kwa ugonjwa, yeye kwa kuwa meno ya bandia yanamchubua. Ameniuliza naandika nini siku tatu zote hizi. Nikamwambia barua. “Ya mwanamke?” Akacheka, akaziba mdomo kwa pindo la khanga, kama anavyoziba tangu nilipomtoa lile la mbele.

Leo ni Alhamisi. Nishaurini, wanangu. Nimwambie kwa kinywa changu kabla ya Jumamosi, au nimwombe yule binti anifichie mpaka nizikwe? Na kama ni kusema, nianzie jino lipi?