Kitabu Kilisema Senti Sabini na Tano

Saa kumi na mbili asubuhi, Jumamosi. Orval Manchuk yuko juu ya mashine yake, analainisha barafu ya uwanja wa hoki wa Pinard, kaskazini mwa Ontario. Anazunguka polepole kama mtu anayefagia sebule ya mama yake. Nje baridi imeshika kweli kweli.

Akimaliza, anavua glovu, anajimiminia kahawa na kukunjua meza ukumbini, karibu na kantini ya chipsi. Hapo ndipo inapoanza kazi yake ya pili. Kwa miaka thelathini sasa, Orval, mwenye umri wa miaka sitini na minne, huuza kadi za wachezaji wa hoki, zile zenye picha mbele na rekodi ya mchezaji nyuma.

Mezani kuna masanduku ya viatu na kitabu kinene cha bei.

"Kitabu kinakwambia muuzaji ameota nini," anasema. "Ukitaka bei yenyewe, weka kadi mezani, funga mdomo, utazame mkono wa mtu. Unaingia mfukoni, au unarudi kwenye chipsi?"

Kwa uzoefu wake, kadi iliyoandikwa dola mia kitabuni huondoka kwa arobaini, na siku ya bahati hamsini. Mjini hapa watu wengi walijaza kadi kwenye vyumba vya chini ya nyumba wakidhani ni pensheni. Siku ya kuuza ilipofika, kumbe jirani naye alikuwa na sanduku lile lile.

Orval analijua hilo kuliko jina lake. Ndiyo maana kosa alilolifanya mwezi wa tisa linamuuma hadi leo.

Siku hiyo alikuja Fleurette Lacasse na albamu ya marehemu mumewe, Roland, msimamizi wa zamu katika kiwanda cha karatasi na rafiki wa Orval tangu utotoni. Tanuri la kupashia nyumba joto lilikuwa limekufa, na fundi alisema halitengenezeki.

"Orval, mdogo wangu, hizi zitatosha kununua jipya?" aliuliza.

Orval alifungua kitabu, akajumlisha, akasoma: dola elfu nne na mia mbili. Hakukata nusu.

"Alikuwa amevaa koti la Roland," anasema. "Mikono imemzidi, ameikunja. Ulimi wangu ukagoma kabisa."

Kesho yake mama huyo akaagiza tanuri la bei hiyo hiyo na kulipa arubuni. Pesa zilizobaki zilitakiwa kabla ya tanuri kufungwa. Orval aliuza kila Jumamosi, lakini hadi mwisho wa mwezi wa kumi na moja albamu nzima ilikuwa imeleta dola elfu moja na mia moja. Fleurette alikuwa akilala jikoni, mlango wa jiko la kuokea ukiwa wazi. Orval alitangaza kuuza pikipiki yake ya theluji, asipate mnunuzi. Alikuwa anamkwepa mjane wa rafiki yake hadi kanisani.

Kadi moja tu ilikuwa imebaki. Ilikuwa ya Adélard Quesnel.

Adélard ni golikipa pekee aliyetoka Pinard akafika ligi kuu. Alidaka msimu mmoja, akafungwa bao lililoitoa timu yake mashindanoni, akarudi nyumbani kwa basi na kwenda kufanya kazi kiwandani. Kitabu kinasema kadi yake ni senti sabini na tano, ikiwa safi. Hii ya Roland haikuwa safi. Mwanawe aliibana kwa kibanio cha nguo kwenye spoki za baiskeli ili iungurume kama pikipiki, na kona zote zilikuwa zimelika. Kwa kitabu, hiyo ni takataka.

Isitoshe, kadi ya Adélard kila nyumba ya Pinard inayo. Isiyokuwepo popote ni yenye sahihi yake. Hakuwahi kusaini hata moja, na hapa mtoto hufundishwa kutomwomba, kama anavyofundishwa kutokanyaga barafu nyembamba.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi huo palikuwa na mechi. Wakati wa mapumziko ya pili, ukumbi ukiwa umefurika, Orval aliinua kadi ile. Akaanzia dola moja.

"Dola moja?" alidakia Taras Hnatiuk, dereva wa magogo. "Wewe na kitabu chako mmelewa wote."

Watu wakacheka. Kisha mzee wa miaka sabini na tisa akatoka kwenye foleni ya chipsi.

"Orval, una kalamu?"

Alikuwa Adélard mwenyewe. Na Orval, ambaye hadi leo hajui alipatwa na nini, akajibu kama muuza kadi: "Mzee, ukiandika utaiharibu. Kitabu kinasema maandishi ni kasoro."

"Mimi nimeharibika miaka hamsini, mwanangu. Lete kalamu."

Adélard akainamia meza, akaandika jina lake lote juu ya alama za spoki.

"Niliporudi kutoka kule, kituo cha basi hapa kilikuwa kitupu," alisema bila kumtazama mtu. "Alikuwepo Roland tu, na supu kwenye chupa. Hakuniuliza habari ya bao. Aliniuliza kama nina njaa."

King'ora cha kipindi cha tatu kikalia. Hakuna aliyeondoka. Wachezaji waliingia barafuni wakakuta viti vitupu, nao wakaja ukumbini na viatu vyao vya kutelezea kuona kumetokea nini.

Mama wa kantini alisema mia mbili. Taras akasema mia tano. Baada ya hapo bei ilipanda mpaka Orval akashindwa kuitaja kwa sauti. Wafanyakazi wa kiwandani wakachanganya mifuko yao, na kadi ya senti sabini na tano ikauzwa kwa dola elfu tatu na mia nne. Wanaume wazima walilia pale, na hakuna aliyewatania.

Leo nyumba ya Fleurette ina joto, na kadi imetundikwa juu ya kikaango cha kantini. Toleo jipya la kitabu limeshatoka. Adélard Quesnel bado ni senti sabini na tano.

Orval anatoa kadi nyingine kwenye mfuko wa shati. Ni ya Adélard pia, haina hata mkwaruzo.

"Nitamwomba aisaini siku moja. Nikipata ujasiri. Hii siiuzi."

Je, kama kitabu kitasema imeharibiwa? anaulizwa.

Anairudisha mfukoni, anafunga kifungo, anapanda mashine yake.

"Kitabu hakikuwepo siku ile," anasema, na kuwasha.