Toa Uchawi, Mayu

Kwetu, mtu hampi mgeni kata ya pombe kabla hajaionja mwenyewe. Tunasema anatoa uchawi. Anapiga funda moja, mgeni anaona hakufa, ndipo anapokea. Ni adabu tu.

Mwanangu wa tatu alirudi hapa Kagongwa kutoka kwenye maduara, mashimo ya dhahabu kule Geita, akiwa anasikia watu wanaongea, sisi hatuwasikii. Watu hao walimwambia chakula changu kina sumu. Hospitali wakasema ni skizofrenia, wakatoa vidonge. Majirani wakasema tajiri wake alimfanyia ndagu, kachukua akili yake apate dhahabu. Sikubishana nao. Nilikuwa na kazi ya kumlisha.

"Toa uchawi, mayu," aliniambia mimi mama yake, mtu mzima mwenye ndevu. Nikamega ugali wake, nikachovya mlenda wake, nikala. Ndipo na yeye akala. Maji hivyohivyo. Siku nilipompa kidonge, akakirudisha kiganjani mwangu.

"Toa uchawi."

Nikameza.

Nililala fofofo mpaka jua likazama. Mbuzi wakamaliza choroko za jirani. Muuguzi aliposikia alinifokea: "Bibi, dawa ya mtu mwingine hainywewi! Ungekufa je?"

"Basi njoo umnyweshe wewe," nikamwambia.

Shemeji yangu, baba yake mdogo, alishachoka na kelele za nyumba hii. Akasema pamba ikivunwa na kijana hajatulia, anampeleka kwa mganga wa kule porini, ambako wagonjwa hufungwa kwenye gogo mpaka watulie. Mimi niliwahi kumwona mmoja aliyetulia. Miguu ilikuwa imeoza.

Kwa hiyo ilikuwa lazima ameze. Nina vidonge vyangu vya presha. Nikaanza kumeza changu mbele yake, kikombe kimoja sote wawili. Akatazama.

"Mbona si sawa na changu?"

"Changu cha mama, chako cha mtoto. Meza, mbuzi wananingoja."

Siku nyingine alimeza. Siku nyingine nilikikuta nyuma ya banda, kuku wanakidonoa.

Pamba ikavunwa. Asubuhi moja shemeji akaja na kamba ya katani mkononi, akatukuta tumekaa na kikombe chetu. Mwanangu akasimama.

"Shikamoo, baba mdogo." Akamnyooshea kikombe. "Toa uchawi."

Shemeji akarudi nyuma.

"Kunywa," nikasema. "Ni maji."

"Aa, shemeji! Najua kilichowekwa humo?"

"Kumbe na wewe unaogopa. Basi lete mguu tukufunge."

Mwanangu akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu arudi. Shemeji akaondoka na kamba yake, akisema atarudi na wanaume wasioogopa maji. Namjua, atarudi.

Nikapiga funda, nikampa kikombe. Alikuwa bado ameshika kidonge, na kile kicheko kilishamtoka usoni. Akageuza shingo, akasikiliza upande ambao hapakuwa na mtu.

"Toa tena, mayu."

Nikanywa tena.