Kipande cha Mkate cha Mama Mdogo

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, hapa Rexdale, Kanada, nilijua kwa hakika kwamba mtu aliyetengwa na kanisa akila meza ya Bwana hamalizi wiki bila kupatwa na baya. Alitufundisha Mama Mchungaji kwenye shule ya Jumapili, na mifano alikuwa nayo tele, yote ya kwao Njombe. Huyu alivimba ulimi, yule alitumbukia kisimani. Hakuna aliyemuuliza kama aliwaona kwa macho yake.

Mwaka huo mama mdogo Neema, mdogo wake mama, alipata mimba nje ya ndoa. Tuliishi naye, alikuwa akifunga mizigo kwenye ghala moja karibu na uwanja wa ndege. Wazee wa kanisa letu la Watanzania wakamtenga. Akatolewa kwenye kwaya, akapewa kiti cha nyuma kabisa, na meza ya Bwana ikawa ya kutazama tu mpaka atubu mbele ya watu. Akagoma.

"Dada, hapa ni Kanada," alimwambia mama jikoni. "Nikivuka barabara tu kuna kanisa hawaniulizi kitu."

"Nenda basi. Na siku ukiugua, watakuuliza hali?"

Hakwenda. Sijui kama ilikuwa imani au upweke. Kila Jumapili alikaa kule nyuma na koti lake mwilini, akiimba sauti ya pili peke yake. Nilimwonea huruma sana.

Mama ndiye aliyekata mkate wa meza ya Bwana, mkate wa kawaida wa dukani. Jumapili moja, nikimsaidia kukusanya vyombo baada ya ibada, nilikitia mfukoni kipande kilichobaki. Mafundisho sikuyasahau. Nilijiambia kwamba baya huwapata wanaokula kanisani, mbele ya wazee; chumbani kwetu Mungu asingehesabu. Akili ya mtoto!

"It's for you," nilimwambia mama mdogo usiku ule. Kiswahili nilikielewa, kujibu ndiyo ilikuwa kazi.

"Umekitoa wapi?"

"Church."

Alikigeuzageuza kiganjani. Kisha akakila huku analia, nami nikadhani analia kwa furaha.

Alhamisi mimba ikatoka.

Kanisa zima likaja. Ndiyo maana mpaka leo nashindwa kuwachukia: waliomtenga ndio waliompikia supu, wakafua mashuka yake, wakakaa naye kwa zamu wiki mbili. Lile la ng'ambo ya barabara halikujua hata jina lake. Lakini Mama Mchungaji naye alimkalia hapo kitandani, kwa upole, siku baada ya siku, mpaka mama mdogo akasema yote isipokuwa jina langu.

Mwezi uliofuata mama mdogo alisimama mbele ya ukumbi.

"Nilikula meza ya Bwana kwa siri," alisema. "Mwanangu ndiye aliyelipa."

Vigelegele vikapigwa. Amerudi kundini! Watu walipanga foleni kumkumbatia. Nilitaka kusimama niseme ni mimi, nikabaki kitini nikilia, na mama akanipa kitambaa akidhani nalia kwa furaha kama shangazi zangu wa kanisani.

Siku hizi mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi. Wanawake waliopoteza mimba nawaambia kila mara: hukukosea kitu. Mwaka jana nilijipa moyo nikaenda kumwambia mama mdogo maneno hayohayo, kwa Kiswahili nilichokifanyia mazoezi ndani ya basi. Nilimwambia mkate hauui. Nilimwambia mimba nyingi hutoka zenyewe, kwamba pale hapakuwa na dhambi ya kutubia, na kwamba kama ilikuwapo, ilikuwa yangu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuwahi kupata mtoto mwingine.

"Mwanangu, mimi nilisamehewa mbele ya watu wote," akasema. "Ndicho nilichobaki nacho. Usininyang'anye."