Siku Kompyuta ya Rugwiro Ilipopoteza Sauti

Rugwiro alipofuka akiwa bado kijana wa kazi, na hakupenda kulisimulia jambo hilo. Ilikuwa presha ya macho. Ilianza kama ukungu pembeni, akadhani ni uchovu wa kurekebisha mitandao ya hoteli za ufukweni Gisenyi. Alipofika kwa daktari Kigali, jicho moja lilikuwa limekwisha kwenda na la pili lilikuwa njiani. Mwaka mzima baada ya hapo alilala akiuelekea ukuta. Mkewe, Ingabire, nesi wa kituo cha afya kule Mudende, ndiye aliyemwekea kompyuta yake ya zamani mapajani siku moja na kumwambia, "Mikono bado unayo."

Mikono alikuwa nayo kweli. Alijifunza kuitumia ile mashine kwa masikio. Programu ya kusoma skrini ilimtamkia kila neno kwa sauti kavu isiyovuta pumzi, naye akaizoea hata akawa anaielewa ikienda mbio kuliko mtu anayegombana. Kwa kuwa alikulia Karagwe, upande wa Tanzania, wazazi wake walikokimbilia, Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka. Kinyarwanda kilikuwa cha nyumbani, Kiingereza cha shule. Akaanza kutafsiri vipande vidogo vidogo vya watu: tangazo hapa, maelezo ya dawa pale. Riziki ya kudokoa.

Kisha shirika moja la Kigali likatangaza kutafuta mtafsiri wa kudumu. Walimwita kwenye mtihani wa mtandaoni: Alhamisi, kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi, kila mtu kwenye kompyuta yake. Walipomuuliza iwapo angehitaji mtu wa kumsaidia, aliwajibu kwamba hahitaji mtu. Jibu hilo alilifurahia siku nyingi.

Asubuhi ya Alhamisi ndipo alipofanya kosa. Mashine yake iliendeshwa na mfumo wa Linux, nayo ilikuwa imemwambia kwa muda kwamba kuna masasisho yanamngoja. Akaogopa isije ikaanza kujisasisha katikati ya mtihani. Afadhali yaishe mapema, alijiambia. Akaruhusu. Akaondoa na matoleo ya zamani ili kupata nafasi, kama alivyozoea. Akaizima, akaiwasha.

Feni ikavuma. Akangoja sauti imkaribishe. Haikuja.

Alibonyeza vitufe vya kuongeza sauti. Akachomeka visikizio, akachomoa. Akaizima tena na kuiwasha tena, akaweka sikio juu ya kibodi kama mtu anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Feni tu. Jasho likaanza kumtoka, maana alielewa. Kiini kilikuwa kimebadilika, yaani ile programu ya chini kabisa inayoendesha kila kitu ndani ya mashine. Na kiendeshi cha sauti, kile kijiprogramu kinachoiamuru spika iseme, hakikuja pamoja na mfumo. Alikuwa amekijenga mwenyewe zamani, wakati macho yakiona. Kila kiini kilipobadilika, kilipaswa kujijenga upya chenyewe. Safari hii kujenga kulishindikana, na ujumbe wa kosa ulikuwa pale kwenye skrini, sentimita chache kutoka puani mwake, wala hakuwa na njia ya kuujua.

Simu yake ya kugusa, ambayo nayo ilikuwa ikimsomea, ilikuwa kwa fundi mjini. Alibaki na kisimu cha vitufe. Akampigia Derek, rafiki yake aliyekulia Uganda, aliyefanya naye kazi hotelini na sasa yuko Kigali.

"Rudi kwenye kiini cha zamani," Derek akamwambia. "Ukiwasha, kwenye menyu chagua toleo la jana."

"Nimelifuta."

"Basi lazima ukijenge kiendeshi. Lakini Rugwiro, lazima mtu akusomee errors. Mimi nitafika jioni."

"Jioni mtihani umekwisha."

"Nani yuko nyumbani?"

Ingabire alikuwa zamu Mudende. Mtoto alikuwa shule. Nyumbani alikuwapo mama mkwe.

Nyiraneza alikuwa amekuja kwao kutoka Goma na mabegi mawili, wakati vita vilipoufikia mji ule, na hakuwa amerudi. Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza maisha yake yote, akifundisha kwa Kifaransa na Kiswahili cha kule. Tangu aingie, yeye na Rugwiro walikuwa wameishi kwa heshima nzito. Hawakula pamoja. Alimsalimu akiwa mlangoni, na Rugwiro akiingia uani, yeye alitafuta kazi jikoni. Mkwe na mama mkwe hawaketi bega kwa bega, na wote wawili walilelewa hivyo.

Rugwiro akapapasa ukuta hadi mlango wa nyuma. Akasikia kisu kikimenya viazi.

"Mama," alisema, "naomba uje unisomee kitu kwenye kompyuta."

Kisu kikasimama. "Mi sijue Kingereza, mukwe."

"Si lazima ukijue. Nitajie herufi tu."

Alikuja na kigoda chake. Rugwiro alisikia akikiweka mbali, kisha akikisogeza kidogo, kisha kidogo tena, kwa kuwa maandishi yalikuwa madogo na miwani yake ilikuwa ya zamani. Alinukia moshi wa makaa na sabuni. Rugwiro akafungua dirisha la amri kwa vitufe alivyovijua kwa kichwa, akaandika amri ya kujenga, akabonyeza.

"Iko nakimbia," Nyiraneza akasema. "Mistari mingi. Sasa imesimama. Kuko moja yenye iko rangi nyekundu."

"Huo huo. Nisomee."

Akaanza, polepole, kama mwalimu anayeandika ubaoni. Neno la kwanza, la pili. Rugwiro aliyaunganisha kichwani na moyo ukatulia kidogo: kuna faili linakosekana. Kosa la kawaida. Kiendeshi kinatafuta faili fulani kwenye vichwa vya kiini, yaani mafaili ya kujengea yanayokuja nacho, na hakilioni. Ilibaki kulijua jina lake tu.

"Ash, de, a," akasema Nyiraneza. "Kisha kamusitari kadogo ka chini. Kisha ji, a, se, ka. Kisha nukta. Kisha ash."

Hiyo "ash" Rugwiro aliikumbuka. Ni H ya Wafaransa. Akaandika hda, kistari cha chini, gack. Akaiamuru mashine itafute faili lenye jina hilo kila mahali.

"Imejibu nini?"

"Haiko kitu. Imerudi tu kwenye ile nukta ya kuwakawaka."

Akatafuta tena. Hakuna. Basi vichwa vya kiini vimepakuliwa nusu, akawaza, havikukamilika. Akaamuru vipakuliwe upya. Mtandao siku ile ulikuwa ukitambaa. Nyiraneza alimsomea asilimia, na kila alipotamka namba ilikuwa kama ile aliyoitamka mwanzo. Vilipokamilika, akajenga tena. Mstari mwekundu ule ule. Akafuta, akapakua msimbo mzima wa kiini, mzigo mkubwa ulioimeza asubuhi yote. Akatafuta ndani yake. Hakuna faili la namna hiyo duniani.

Adhana ya mchana ikasikika kutoka upande wa mjini. Aliwaza barua aliyowaandikia, kwamba hahitaji mtu. Aliwaza wale watu wa Kigali wakitazama nafasi yake tupu na kuambiana kwa upole, kwa upole kabisa, ndiyo maana hawa hatuwachukui. Upole huo ndio uliomchoma.

"Mama, nisomee tena lile jina. Kila herufi."

"Ash, de, a, kamusitari, ji—"

"G ya nini?"

"Ji. Ji ya Jeanne."

Rugwiro akaondoa vidole kwenye kibodi. "Na ya Gisenyi unaiitaje?"

"Ile ni jé," Nyiraneza akasema. "Jé ya Gisenyi. Ji ya Jeanne. Njo hivi tunafundisha."

Jack. Si gack; ji yake ilikuwa J ya Kifaransa, yeye akaisikia kama G ya Kiingereza. Neno lenyewe, tundu la kuchomekea visikizio, neno alilolijua tangu ujana, na yeye alikuwa amepoteza asubuhi nzima akitafuta kitu kisichokuwapo. Kilichomtoka kinywani hakukipanga. Alipiga meza kwa kiganja, akapaza sauti kwamba hata mtoto wa chekechea anajua kutaja G, kwamba amemmaliza, kwamba angeachwa peke yake na giza lake ingekuwa afadhali.

Kigoda kikasogea. Nyayo zikaondoka bila haraka. Mlango wa nyuma ukafungwa taratibu.

Alikaa pale na feni ikivuma. Alikuwa amempigia kelele mama wa mkewe, ndani ya nyumba aliyokimbilia. Hata baba yake, mtu mkali wa Karagwe, hakuwahi kufanya hivyo. Na bila yule mama, mashine ilikuwa jiwe. Hakujua ni lipi kati ya hayo mawili lililomfanya alie, na hilo nalo lilimtia aibu, kwa sababu lilipaswa kuwa la kwanza.

Alijaribu kuendelea peke yake. Aliandika amri ya kutafuta faili lenye jina sahihi, akabonyeza, akatazama mbele bila kuona chochote. Jibu lilikuwa pale. Akaiandika tena, kana kwamba mara ya pili lingepata mdomo.

Mwishowe, muda mrefu baadaye, aliinuka, akapapasa ukuta hadi uani. Hakusikia kisu safari hii.

"Mama," alisema kuelekea kule alikodhani yupo. "Nimekukosea. Herufi uliitaja sawa. Mimi ndiye sikuuliza."

Kuku wa jirani akapekuapekua majani.

"Niko huku," Nyiraneza akajibu, kutoka upande mwingine kabisa. Rugwiro akageuka, na aibu ikamzidi. "Mukwe, ile kazi ni ya lini?"

"Ni saa nane. Leo."

"Saa nane imeshapita."

"Najua."

Alisikia maji yakimwagwa kwenye beseni. "Acha ninawe mikono," akasema.

Faili lilikuwapo. Nyiraneza alisoma njia yake yote, akitaja kila alama, na sasa baada ya kila herufi ya shaka alisema neno: i ya Ingabire, e ya Evode, marehemu mumewe. Watengenezaji wa kiini walikuwa wamelihamishia kwenye folda nyingine, basi. Rugwiro akaielekeza njia mpya kwenye msimbo wa kiendeshi, akiandika kwa kuhesabu vitufe. Akajenga. Kosa jingine: amri moja ya kiini iliyokuwa na jina la zamani sasa ilikuwa na jina jipya. Akalibadili. Akajenga.

"Hii si nyekundu," Nyiraneza akasema. "Hii ni ya zambarau. Mingi."

"Hayo ni maonyo tu. Yaache. Mwisho wake unasemaje?"

"Mwisho haisemi kitu."

Ilikuwa imejengeka. Rugwiro akakipakia kiendeshi kwenye kiini, akamwomba asome kiini chenyewe kinasemaje. Nyiraneza akavuta pumzi.

"Mukwe, hapa iko maneno mubaya, minaona. Iko vistari, vistari, kisha alama ya mabano na maneno mbili ndani, sijue, kisha neno ndefu ya herufi kubwa." Akalitaja. Lilikuwa onyo la kiini, lile linaloanza kwa kusema kata hapa, na chini yake safu ndefu za namba. Rugwiro alikuwa akiliona enzi zake kwenye mashine zinazokufa. Akaegemea nyuma.

"Basi," alisema. "Imekwisha, Mama. Asante."

Nyiraneza hakuinuka. "Unabonyeza wapi ili iseme?"

"Haitasema."

"Lakini wapi?"

Akamwonyesha, ili kumridhisha tu. Akasikia kidole cha yule mama kikishuka juu ya kitufe, kwa nguvu, kama anayebonyeza kengele ya mlango.

Spika ikakwaruza. Kisha ile sauti kavu, isiyovuta pumzi, ikaanza kusoma kilichokuwa kwenye skrini, onyo lote na namba zake, kwa kasi ile ile ya siku zote. Nyiraneza akaruka kutoka kwenye kigoda. Rugwiro hakusogea. Aliisikiliza ikimtajia maafa yake mwenyewe na machozi yakamtiririka hadi kidevuni.

Alipoingia kwenye mtihani, muda ulikuwa umebaki nusu na kidogo. Kulikuwa na matini mbili. Ya kwanza aliitafsiri vizuri, alijua ni vizuri. Ya pili ilikatwa katikati ya sentensi, ukurasa ukajifunga, na sauti ikamweleza kwamba muda umekwisha.

Jibu lilikuja baada ya wiki kadhaa. Lilikuwa la upole. Walimshukuru, wakasifu alichokiandika, wakamtakia heri. Ilikuwa asubuhi, na Ingabire alikuwa ameshaondoka kwenda Mudende. Nyiraneza alikuwa sebuleni, ameketi kwenye kiti, akichambua maharage; siku hizi alikuwa akikaa humo.

"Wamenikataa," Rugwiro akasema.

"Donc, basi, bamekataa."

"Ndiyo."

Maharage yakaendelea kudondoka kwenye sinia. Rugwiro alitamani amwambie kwamba kuna shirika jingine, la Kampala, linalotafuta watu. Lilikuwapo kweli, ila mwisho wa kuomba ulikuwa umepita.

"Utamwambia bibi yako Ingabire leo?" Nyiraneza akauliza.

"Sijui nianzie wapi."

"Basi kula kwanza," akasema, akamwekea sahani mezani, na kwa mara ya kwanza akaweka na ya kwake kwenye meza ile ile.