Mwewe wa Bi Kuruthumu

Bi Kuruthumu amekaanga samaki soko la Feri miaka thelathini na moja, mkono wa kulia mwiko, wa kushoto fimbo ya kufukuzia mwewe. Ukizubaa tu, mwewe ameshuka, kaondoka na kipande kikitiririka mafuta. Mkaangaji yeyote pale atakwambia heri mgambo wa jiji kuliko mwewe.

Sasa sikieni, maana mpaka leo damu inanichemka. Timu yetu ya Vibua FC, timu ya wavuvi na wakaangaji, ilipata tajiri mpya, naye akaleta mtaalamu wa kubadili sura za timu, kijana wa suti aitwaye Hillary. Akatuita kwenye jengo la klabu, Mchafukoge, akasema kibua ni samaki mnyonge, hauzi jezi. Akavuta pazia. Ukutani, mwewe!

"Kuanzia leo sisi ni Mwewe wa Jiji," akasema, akasubiri makofi.

Bi Kuruthumu, mwenyekiti wa tawi letu la mashabiki, akasimama. "Mwanangu, huyo mwizi tunamjua. Jana tu kaniibia kichwa cha nguru."

"Ndiyo kasi yenyewe hiyo, mama!" akajibu Hillary kwa furaha.

Tukaapa kumpinga. Mimi ndiye katibu, niliandika azimio kwa mkono wangu. Tusichojua ni kwamba klabu ilitafuta mtu wa kuvaa vazi la mwewe na kurukaruka mbele ya mashabiki, na kazi hiyo ikaenda kwa Adamu, mume wa mwenyekiti. Adamu alikuwa kipa wa Vibua zamani, akaumia goti, na kwa miaka kumi na tisa alikaa barazani Magomeni akiangalia wapita njia. Klabu haikumkumbuka hata kwa salamu. Sasa ilimkumbuka, ikamvika manyoya. Mkewe peke yake ndiye aliyejua.

Mechi ya kwanza, mwewe alipojitokeza tu, mikono ya wakaangaji ikanyanyuka yenyewe. "Swii! Toka! Swii!" Akikimbilia huku anafukuzwa, akienda kule anafukuzwa. Wachezaji wetu, wenye mwewe kifuani, wakadhani wanafukuzwa wao. Beki mmoja akatoka nje bila refa kumwambia. Tukafungwa manne, na wajinga sisi tukashangilia. Bi Kuruthumu peke yake hakunyanyua mkono. Nilipomuuliza, akasema bega linamuuma.

Mechi nne zikaenda hivyo. Kariakoo jezi za mwewe zikawa za kufungia vitunguu. Tajiri akasalimu amri, akaitisha mkutano, wanachama waamue kwa kunyoosha mikono.

Waliotaka Vibua irudi walikuwa mia mbili na kumi na moja. "Na mwewe?" Hillary akauliza, kutimiza wajibu tu. Mkono mmoja ukapanda, wa mwenyekiti.

"Shoga, umelogwa?" akapiga kelele Maimuna, anayekaanga jirani naye.

"Sijalogwa. Mle ndani yumo Adamu. Mnamfukuza, anarudi nyumbani jasho tupu, goti limevimba, anacheka! Ananihadithia mpaka ugali unapoa. Miaka kumi na tisa sijamsikia mume wangu akicheka. Nyie mnataka jina, mimi namtaka yule."

Niliona aibu, na kalamu ninayo mkononi. Lakini kura ni kura, jina likarudi. Kwa huruma tukakubaliana kwamba Jumamosi Adamu avae vazi lile mara ya mwisho, na kwamba mtu yeyote asithubutu kumnyanyulia mkono. Tulijiona waungwana kweli.

Jumamosi mwewe akaingia akichechemea, akapiga mabawa mbele yetu. Tukampigia makofi ya adabu, yale ya kumpigia mgeni rasmi. Akasogea, akajifanya ananyakua pochi ya Maimuna. Maimuna akaishika pochi, akamwambia, "Shikamoo, shemeji." Mwewe akarudi nyuma, akaruka tena, safari hii juu zaidi, goti likamsaliti akaanguka. Tukapiga makofi tena. Bi Kuruthumu alikuwa ameficha uso kwenye mtandio.

Adamu akajiinua, akavua kile kichwa cha manyoya, akatutazama mmoja mmoja huku jasho likimtoka.

"Jamani," akauliza, "leo nimewakosea nini?"